Kapteni Mpya ni Dada Yangu

Wewe uliyeingia leo, sogea ukae, nikupe ya nyuma kwa pumzi moja kabla wenzako hawajaanza kunigunia.

Mimi ni fundi simu. Mchana nabadilisha vioo kibandani kwangu. Jioni navaa kichwani ndoo tupu ya rangi, nimeitoboa macho, najiita Kapteni Ndoo, na kuwaambia watu mtandaoni filamu ipi ni tamu na ipi ni takataka. Nyumbani hakuna anayejua.

Filamu ya roho yangu ni Chombo cha Saba. Ile ya zamani. Vyombo saba vinaikimbia dunia inayoungua, sita vinapotea angani, kinabaki kimoja, na kapteni wake ana kovu shavuni. Mwaka huu wameitengeneza upya. Chombo kimepakwa rangi nyeupe pee, kapteni ni msichana, na safari hii wote mle ndani wanaongea Kiswahili, sauti zimerekodiwa na watu wetu hapahapa.

Nikaiponda. Nikasema huyo kapteni ana sauti ya friji bovu, linanguruma kutwa na halipozi kitu.

Video ikasambaa kama moto kwenye nyasi kavu. Watoto barabarani wakawa wanaigiza friji. Mpaka wiki iliyopita, dada yangu alipoingia ndani, akavua viatu mlangoni, akasema ile kazi aliyokatazwa kuitaja miezi yote ile ndiyo hii. Sauti ya kapteni ni yeye.

Hapo ndipo tulipoachia. Sasa shika roho.

Mama alikuwa anashona mapazia ya watu. Mashine ikanyamaza.

"Nani kakwambia una sauti mbaya?"

"Watu wote, mama. Ila aliyeanza ni mmoja. Anaitwa Kapteni Ndoo."

"Ndoo?"

"Anavaa ndoo kichwani."

"Mtu mzima?"

"Wanasema sauti ni ya mtu mzima." Mimi huwa naizamisha sauti yangu kwa programu ya simu, inatoka kama ya babu aliyemeza ngoma.

Mama akatoa pini mdomoni, akazichomeka begani moja moja. "Mwanamke aliyemzaa huyo, Mungu ampe subira. Maana anayo kazi."

"Amina," nikasema. Sijui kwa nini nilisema amina.

Dada akakaa chini, mgongo ukutani. "Studio wanasema sehemu ya pili hawawezi kunipa hivihivi. Jumamosi wanaita watu wengine wajaribiwe. Nami niende. Nikapange foleni kama mgeni, kwa kazi yangu mwenyewe."

"Na kule ofisini ulikokuwa unapokea simu?" mama akauliza.

"Kule nilishaaga, mama. Waliniimbia. Wakanikatia na keki. Nitarudi na uso gani?"

Akanigeukia mimi. Ningejua ningekuwa nimeshajifungia chooni.

"Mdogo wangu, si wewe ni fundi simu? Nitafutie huyu mtu."

"Ukimpata utamfanya nini?"

"Nataka kumuuliza swali moja tu."

"Mimi ninayo mengi," mama akasema, "na mwiko ninao."

"Nitampata, dada," nikasema. Kwa mdomo huuhuu.

Na bado sijakwambia lililo baya zaidi. Nisogelee.

Ile filamu mpya, nililia.

Usicheke. Kuna mahali chombo kinakatika vipande viwili, na ili nusu ya mbele iokoke, nusu ya nyuma lazima iachwe na mafundi wake humo ndani. Kapteni anawaita kwenye redio, mmoja mmoja, kwa majina yao ya utani. Hapigi kelele. Anawaita kama mtu anayewaamsha watoto waende shule. Nililia mpaka jirani yangu wa kiti cha pembeni, nisiyemjua, akanipa kitambaa chake na kusema, "Kaa nacho tu, ndugu."

Sasa kwa nini nikaiponda? Kwa sababu kabla sijatoka ukumbini nilifungua simu. Simu hii hii inayonila. Kwenye kundi letu la mashabiki wa Chombo cha Saba, matusi yalikuwa yameshajaa hadi juu. Chombo gani cheupe hicho! Kapteni gani wa kike huyo! Nikapiga hesabu ya haraka: nikisifia, nabaki peke yangu. Nikiponda kuliko wote, mimi ndiye mfalme.

Nikafuta machozi kwa kitambaa cha watu, nikaenda kuvaa ndoo.

Kesho yake nipo kibandani, nimeinamia simu ya kinyozi wa jirani. Kinyozi huyo ana mdomo kuliko mashine zake, na kichwani hana hata unywele mmoja. Mara dada huyu hapa.

"Umempata?"

"Bado, dada. Anajificha sana. Huyo ni mtu wa mitambo."

"Basi leo nataka nimsikie. Studio walinikataza nisisikilize, wakasema nitaharibikiwa. Mpaka leo najua la friji tu, nalo nimelisikia kwa watoto. Nifungulie video nzima."

Nikaificha simu yangu mfukoni. "Mtandao uko chini, dada. Leo hata..."

"Mimi ninayo!" kinyozi akadakia, akachomoa simu yake ya pili. "Nimeihifadhi kabisa. Naisikiliza nikiwa nanyoa. Shemeji, vuta kiti."

"Si shemeji. Ni dada yake."

"Tena vizuri, bado nina nafasi," akasema, akaibonyeza, sauti juu hadi mwisho.

Nikajisikia nikinguruma kutoka kwenye simu ya watu. La friji likapita. Kinyozi akacheka, akajipiga paja. Dada hakucheka, hakulia. Alikuwa anatazama mabisibisi yangu mezani. Nikasema moyoni, haya, hajanitambua, limepita.

Halafu Kapteni Ndoo akapandisha pumzi, akasema:

"Na wameyafuta yale maneno! Kapteni wa kweli amejifunga mkanda, taa zote zimezima, vyombo sita vimepotea, anawaambia watu wake: asiyefika hajapotea, yuko njiani! Yako wapi maneno yale? Nani kauiba utoto wetu?"

"Hapo tu!" kinyozi akasema. "Hapo ndipo ananimaliza. Hayo maneno nimekua nayo mimi. Nikiyasikia nywele zinanisimama."

"Uliyasikia kwenye ile filamu ya zamani?" dada akamuuliza taratibu.

"Kwa masikio haya mawili."

"Ilikuwa kwa lugha gani?"

Kinyozi akajikuna upara. "Si... lugha yao ile. Lakini mtu ulikuwa unaelewa."

Dada akachukua simu mkononi mwake, akarudisha nyuma, akayasikiliza tena maneno yale. Mara ya pili. Mara ya tatu. Nikaona shingo yake inakakamaa, kama mtu aliyeguswa na barafu.

"Hayamo," akasema. "Hayajawahi kuwamo. Pale kapteni anaagiza wawashe taa, nimeiona mara mia. Nyumbani kwetu hakuna aliyeijua lugha ile, hata mimi. Ila nilikuwa na mtoto pembeni yangu godoroni, analia anadhani watu wa vile vyombo sita wamekufa wote. Ikabidi nimwambie kapteni kasema kitu."

Kinyozi akajishika masikio. "Kwa hiyo mimi niliyasikia wapi?"

"Kwa Ndoo. Wote mliyasikia kwa Ndoo."

"Na huyo mtoto ni nani?"

Dada alisimama. Akanitazama. Nimewahi kutazamwa na polisi, na mbwa, na mteja niliyempotezea picha za harusi. Hakuna aliyewahi kunitazama hivyo.

Ndugu msomaji, miaka yote hiyo mimi nilidhani anatafsiri. Nilidhani dada yangu anajua lugha za watu. Kila nilichokipenda katika Chombo cha Saba, vichekesho vya mpishi, wimbo wa mafundi, usia wa kapteni, kilitoka kwenye mdomo ule ambao mimi niliuita friji.

"Usihangaike tena kumtafuta yule mtu, mdogo wangu," dada akasema. "Nimeshampata."

Akaondoka.

"Kampata nani?" kinyozi akauliza.

"Rudi dukani kwako. Kichwa cha mtu kinakusubiri."

Nilirudi nyumbani nikiwa tayari kwa mwiko. Hakuna mwiko. Mama alikuwa amekwenda kupeleka mapazia. Dada yuko uani, anaanika nguo, na kati ya nguo hizo kuna shati langu. Alikuwa amenifulia. Angenipiga ingekuwa nafuu.

"Dada..."

"Shika kamba, inalegea."

Nikashika kamba.

"Lile swali langu," akasema. "Ulimaanisha?"

Kichwa kikaniambia danganya. Nikachoka kudanganya. "Hapana."

"Filamu uliionaje?"

"Nililia."

"Wapi?"

"Ulipowaita mafundi kwenye redio."

Kibanio kikamdondoka. Hakukiokota. Nilidhani ndipo nitasamehewa. Nilidhani nimemletea zawadi.

"Ungekuwa umeichukia," akasema, "ningekuelewa. Mtu ana haki ya kuchukia. Ningekaa chini nijiulize nimekosea wapi, nijifunze. Lakini wewe ulilia. Ulilia, ukafuta machozi, ukaenda kusema ulichojua ni uongo, ili watu usiowajua wakucheke vizuri. Sasa mimi nijifunze nini hapo?"

"Nitaifuta leo leo."

"Ukiifuta itarudi? Watu wangapi wameshaihifadhi? Kinyozi anaisikiliza akinyoa!"

"Nisamehe, dada. Niambie nifanye nini."

"Usifanye kitu. Jumamosi nitakwenda nijaribu kwa pumzi zangu. Kwa mama sitasema, asije akafa na presha kwa ajili ya ndoo. Ila nakuomba kwa jina la marehemu baba, usinisaidie."

Umesikia? Usinisaidie. Mtu kanifulia shati na kaniomba kitu kimoja tu.

Sasa sikia nilivyofanya.

Nilijifungia, nikavaa ndoo, nikarekodi video mpya. Nikasema nimeiangalia filamu upya, nimekosea, sauti ya kapteni ni sauti ya dhahabu. Nikaomba radhi. Sauti yangu ilitetemeka kweli, safari hii si programu.

Kwa muda mfupi nikajiona mwema. Nikawa naangalia simu inavyojaa.

"Wamemnunua!" wa kwanza akaandika.

"Ndoo imejazwa."

"Hata Ndoo? Basi huyo friji ana mkono mrefu huko studio."

"Muulizeni huyo dada anatoka na nani."

Mwanzo walikuwa wanacheka sauti. Sasa walikuwa wanamchafua mtu. Mchuma janga hula na wa kwao, lakini mimi janga nilichuma peke yangu na sahani nimempa dada.

Nikaifuta. Wakasema, mmeona? Kalazimishwa, kajirudi.

Hapo ndipo simu ikalia. Namba ngeni, mwanamke, anaongea kama mtu ambaye hajawahi kusubirishwa.

"Kapteni Ndoo? Mimi ndiye bosi wa studio. Tumekupata kwa shida. Njoo Jumamosi ukae nasi mezani, utuchagulie sauti kwa niaba ya mashabiki. Akichaguliwa na wewe, hakuna atakayebwata. Njoo na ndoo yako."

Na mimi, badala ya kukumbuka kamba ya nguo, badala ya kumkumbuka baba, nikaona mlango wa mbinguni umefunguka. Nitakaa mezani. Nitamchagua dada. Kwisha habari.

"Nitakuja, mama," nikasema.

Jumamosi bosi akanipokea mlangoni. Mwanamke mfupi, miwani imening'inia kifuani, anatembea mbele yako hata kama hujui mnakokwenda.

"Swali moja kabla hujaingia. Humo ndani una ndugu? Rafiki? Mchumba? Maana maneno ya mitandaoni umeyaona. Nikisikia mshiriki yeyote ana ndugu hapa mezani, namtoa mshiriki huyo papo hapo. Sitaki hata nusu ya upendeleo."

"Sina," nikasema kutoka ndani ya ndoo. Ikatoa mwangwi, kana kwamba na ndoo inashangaa.

Chumba chenyewe kidogo. Meza, vitufe, fundi sauti mwenye vipokea sauti masikioni. Mbele yetu kioo kikubwa, na nyuma ya kioo chumba cha kurekodi. Lakini pazia limevutwa. Hatuoni mtu.

"Wana namba tu," bosi akasema. "Tunasikiliza masikio matupu. Wote wanasoma kipande kimoja, kile cha redio."

Nikatabasamu mle ndani ya ndoo. Pazia la nini? Sauti ya dada yangu niipoteze mimi? Hata akikohoa naijua.

Namba moja alisoma kama anatangaza kifo cha mfalme. Bosi akachora msalaba hewani.

Namba mbili akaanza, nikaacha kutabasamu.

Sijui nikwambieje. Ilikuwa sauti ya chini, ina mikwaruzo, ya mtu aliyepanda ngazi nyingi na mzigo na bado haketi. Aliwaita mafundi kwa majina yao, na kila jina lilikuwa linamgharimu. Lile la mwisho hakulimaliza. Fundi sauti akavua vipokea sauti, akavitazama kama vimemuuma. Vinyweleo vya mikono yangu vilisimama. Nikajisemea, huyu ndiye kapteni. Mungu wangu, dada kapata mpinzani.

Namba tatu simkumbuki.

Namba nne alipofungua mdomo nikamjua palepale. Sauti ileile ya kwenye filamu. Upole ule wa kuamsha watoto, pumzi zilezile, hata kule kumeza mate kabla ya jina la tatu. Dada! Ila alikuwa na woga, mwishoni akateleza, akarudia. Nikaumia. Woga ule ni mimi niliyeupanda.

"Haya, Kapteni," bosi akasema. "Bonyeza hapo, maiki iko wazi, wanakusikia wote. Sema ukweli wako."

Ukweli wangu ulikuwa namba mbili.

Namba mbili, bila kuhesabu vidole. Kila unywele wangu ulisema namba mbili. Lakini nikamuona dada ukutani, viatu mlangoni, keki ya ofisini. Nikaona nikisema kweli leo, kweli hiyo itamfukuza kazini kama uongo wangu wa jana ulivyomfukuza. Nikajiambia, uongo ulimvunja, basi uongo umuinue. Mizani ikae sawa.

Nikabonyeza.

"Namba nne," nikasema. "Mashabiki tunamtaka namba nne. Huyo ndiye kapteni."

Nyuma ya kioo mtu alipiga kelele ya furaha. Bosi akanyoosha mkono, akavuta pazia.

Aliyekuwa anarukaruka na karatasi ya namba nne kifuani alikuwa msichana mwembamba wa miwani. Sijawahi kumuona maishani.

"Mimi nimejifunza kwa yule wa kwanza!" alikuwa anasema, machozi yanamtoka. "Nimeiangalia filamu mpaka naijua pumzi kwa pumzi! Nampenda yule dada, jamani, sijui ni nani, lakini nampenda!"

Na pembeni yake, amebandika karatasi ya namba mbili, amesimama dada yangu.

"Wewe ndiye wa kwanza, au siyo?" bosi akamuuliza kwa maiki. "Mbona sauti imebadilika?"

"Watu hawakuipenda ile, bosi," dada akajibu. "Nikatafuta nyingine. Nimeitafuta usiku na mchana. Nilidhani nimeipata."

Alikuwa anamjibu bosi, lakini macho yake yako kwenye ndoo. Ndoo moja tu kwenye chumba kizima. Hapakuwa na haja ya kuuliza ni nani.

Bosi akaninong'oneza, amefunika maiki yake kwa kiganja. "Kapteni, nikwambie kweli. Mimi na fundi sauti tulikuwa na namba mbili, wote wawili. Lakini wewe ndiye masikio ya watu, siwezi kukupita. Ukibadilisha sasa hivi, nabadilisha. Ila nipe sababu. Mtu hawezi kusema nne, akaona sura, akasema mbili. Watatuuliza."

Jasho likaniingia machoni na sikuweza kulifuta.

Nikinyamaza, dada kaikosa kazi aliyoishinda. Nikitoa sababu, sababu ni moja tu, kwamba nilimchagua niliyedhani ni ndugu yangu. Na mwenye ndugu mezani anatolewa papo hapo, kwa maneno ya bosi mwenyewe.

"Sababu, Kapteni?"

Kule ndani namba nne alikuwa ameshamrukia dada shingoni, hajui kwamba anayemkumbatia ndiye aliyemshinda. Dada akampigapiga mgongoni, kama anambembeleza mtoto.

"Sababu," nikasema, na nikasikia sauti yangu ikivuma kwenye chumba chao, kumbe kidole hakijatoka kwenye kitufe, "sababu ni kwamba..."

Dada akainua uso juu ya bega la yule msichana. Akanitazama kwenye matundu mawili ya ndoo, akatikisa kichwa. Polepole, mara moja tu.

Nimekua na mtu huyu. Nimelala naye godoro moja. Na pale, kidole kitufeni, sikujua ananikataza nini, kusema au kunyamaza.